Mpiganaji wa D&D amegeuzwa mlinzi wa mchawi, halafu tunaambiwa tatizo ni msimulizi

Wakuu, hili jambo limenikaa kooni muda mrefu na leo nalitema. Nacheza Dungeons & Dragons, toleo la tano: mchezo wa mezani ambao msimulizi anaongoza hadithi, kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na dadu zinaamua. Kila kampeni, yaani kila hadithi ndefu, nachagua mpiganaji. Napenda upanga na ngao. Napenda kusimama mbele nikapokea kipigo ili wenzangu wapone. Nilichochoka nacho ni kuambiwa kwamba uwiano kati ya wahusika upo, na asiyeuona hajui kucheza.

Fungueni kitabu cha 2014, leveli ya 9. Mpiganaji anapewa Indomitable: akishindwa kujiokoa na uchawi, anarusha dadu upya, mara moja tu mpaka apate mapumziko marefu, yaani alale. Haongezewi hata pointi moja kwenye hiyo dadu. Mchawi wa leveli hiyohiyo anapata Wall of Force. Anamfunika adui kwa kuba lisiloonekana na habari imeisha. Aliyefunikwa harushi dadu ya kujiokoa. Upanga haupiti, mshale haupiti, na kuba linaweza kukaa dakika 10 nzima.

Sasa pigeni hesabu ya hiyo Indomitable. Mpiganaji mwenye alama 10 za Hekima, ambayo ndiyo kinga ya akili, akishambuliwa akili hana nyongeza yoyote kwenye dadu, kwa sababu ubobezi wake wa kujiokoa uko kwenye nguvu na ustahimilivu wa mwili. Mchawi wa upande wa pili mwenye alama 20 za Akili anamdai afikishe 17. Kwenye dadu ya pande 20, anayefika hapo ni 17, 18, 19 na 20 tu, yaani asilimia 20. Mpe na hiyo nafasi ya pili: mara 64 kati ya 100 atashindwa zote mbili, na atabaki ameduwaa huku vita vinaendelea. Hiyo ndiyo zawadi ya leveli nzima.

Kuna wanaosema mchezo umekuwa hivi tangu 1974. Si kweli, na hapa ndipo hasira yangu hasa ilipo. Zamani mchawi alikuwa na nguvu kubwa lakini alizilipia. Katika AD&D (toleo la zamani la mchezo huu) alirushiwa dadu ya pande 4 kwa uhai wake, mpiganaji ya pande 10. Akipigwa kabla hajamaliza kunuiza, uchawi ulipotea. Hata kujifunza uchawi mpya kulitegemea bahati ya dadu, angeweza kushindwa kabisa. Mpiganaji mkongwe alikuwa na kinga nzuri dhidi ya uchawi, na akifika leveli ya 9 akajenga ngome, askari walimfuata. Alikuwa na nafasi yake duniani.

Likaja toleo la tatu mwaka 2000. Mchawi akaruhusiwa kunuiza mbele ya upanga bila kuguswa, mradi apite jaribio la umakini ambalo mwenye kujiandaa hakulishindwa mara nyingi. Uchawi wake ukawa mgumu zaidi kuukwepa kadiri anavyokua. Mpiganaji? Akasogea zaidi ya futi 5, anapoteza mapigo yake yote ya ziada na kubaki na moja. Kinga yake ya akili ikawa ya chini. Toleo la 3.5 likaja na druidi, mchawi wa porini, anayegeuka dubu, ananuiza akiwa dubu, na pembeni ana mnyama wake anayepigana karibu sawa na mpiganaji mzima. Minyororo ya mchawi ilikatwa mmoja mmoja, na hakuna aliyekumbuka kumpa mwenye upanga kitu cha kufidia.

Toleo la nne, 2008, ndilo pekee lililojaribu kwa dhati. Kila mhusika alipewa mbinu za kutumia wakati wowote, za mara moja kwa pambano na za mara moja kwa siku. Mpiganaji alimwekea adui alama, na adui akimpuuza analipa. Watu wakapiga kelele kwamba wahusika wote wanafanana. Nawaelewa kiasi, lakini dawa ilikuwa kuwatofautisha, siyo kuurudisha upanga palepale.

Sasa utetezi mkubwa: "Mchawi anaishiwa, msimulizi wako ndiye hajui." Kitabu cha msimulizi cha 2014 kinasema kundi linaweza kumudu mapambano 6 hadi 8 ya wastani au magumu kwa siku moja ya mchezo. Niambieni ni nani mwenye kazi na familia anayemaliza mapambano 8 kabla ya wahusika kulala! Meza nilizocheza, siku ya mchezo ni pambano moja, mawili yakizidi. Mchawi anamwaga kila alichonacho kwenye hilo moja. Mpiganaji, ambaye nguvu zake zilipangwa zirudi kwa mapumziko mafupi ya saa moja, hana la kurudisha. Na kundi likibanwa, mchawi huyohuyo anasimamisha Tiny Hut, kibanda cha kichawi, bila kutumia hata nafasi moja ya uchawi wake wa siku, tunalala salama kwa muda wa saa 8. Mzani wote umewekwa juu ya ratiba isiyochezwa, kisha lawama anabebeshwa msimulizi aliyejitolea jioni yake bure.

Na hapo nimezungumzia vita tu. Kwenye kampeni yangu ya mwisho nilitaka kuruka korongo la futi 30 nimfikie mateka. Kanuni inasema mwenye Nguvu 20 anaruka futi 20 akikimbia kwanza. Ni 20 leveli ya 1, na 20 hizohizo leveli ya 20. Nikaomba nijaribu, nikaambiwa nirushe dadu, nikaanguka. Mchawi wetu, ambaye tangu leveli ya 5 anajua Fly, akasema neno moja na kupaa hadi ng'ambo. Yeye kitabu kinamwambia "inatokea". Mimi naomba ruhusa.

Naomba msiniletee hoja ya uhalisia, eti mtu asiye na uchawi lazima awe mtu wa kawaida. Wazee wetu walisimulia Fumo Liyongo, shujaa ambaye chuma hakikumdhuru ila sindano ya shaba kitovuni, na ambaye hata baada ya kufa, amepiga goti kisimani na uta mkononi, watu waliogopa kumsogelea. Hakuna msikilizaji aliyedai Liyongo aruke futi 20 tu.

Kitabu kipya cha 2024 kimerekebisha kidogo. Indomitable sasa inaongeza leveli ya mpiganaji, kwa hiyo yule wa leveli ya 9 anahitaji 8 badala ya 17 kwenye dadu ya pili. Silaha zimepewa mbinu za kuangusha na kusukuma. Forcecage, uchawi wa kumfungia adui kwenye kizimba, sasa inadai umakini: mchawi akiupoteza, kizimba kinatoweka. Nashukuru. Lakini Wall of Force ipo vilevile bila dadu ya kujiokoa, na mchawi wa leveli ya 17 bado anapokea Wish, uchawi wa kutimiza karibu ombi lolote, huku mpiganaji akisubiri leveli ya 20 apate pigo la nne kwa zamu.

Kampeni ijayo nimeshamwambia msimulizi masharti yangu: Wall of Force iwe na dadu ya kujiokoa, na umbali wa kuruka uongezeke kwa leveli. Akikataa, sikai mezani. Wanaoendesha meza humu, semeni mmebadilisha kanuni ipi na wachawi wenu waliipokeaje. Wa "cheza mchawi na wewe" apite kimya.