Nyufa za nyumba: upi wa kawaida, upi wa msingi? Tupeane uzoefu (Mbeya na Nyanda za Juu Kusini)

Wakuu, habari za leo. Nilihamia kwangu Isyesye mwaka jana. Mvua zilipokata, ukatokea ufa kwenye kona ya dirisha la sebuleni, unapanda kwa mshazari kuelekea lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Fundi anasema nyumba mpya lazima ikae, itatulia. Mke wangu halali vizuri, na mimi vilevile. Mliopitia haya, mlijuaje?

Mdau, Uyole:
Pole mkuu. Zangu zilikuwa za plasta tu. Nyembamba kama unywele, zimetawanyika ukuta mzima kama utando wa buibui. Fundi alipiga plasta juani na hakuimwagilia. Nilibandua kipande nikakuta tofali zima. Mwaka wa nne huu, hazijaongezeka.

Mdau, Usangu:
Huku ni udongo mweusi wa mbuga. Masika unavimba, kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia. Ufa wangu ulifuata maungio ya tofali kama ngazi, juu mpana, chini mwembamba, kidole kidogo kinapita. Mlango wa chumbani ukaanza kukwama. Nikauranda mara mbili nikidhani mbao imevimba kwa mvua, na hapo ndipo nilipopoteza mwaka mzima, naumia hadi leo. Tulipochimba pembeni tukakuta msingi una futi moja na nusu tu, haujagusa udongo mgumu. Ukiona ufa na milango inagoma kwa pamoja, usiite fundi rangi. Ita mhandisi.

Mdau, Iringa:
Bandika kipande chembamba cha kioo kuvuka ufa kwa simenti, uandike tarehe. Kikivunjika, ukuta unatembea. Pima na kwa rula kila mwezi, kiangazi na masika. Milimita moja iliyosimama haitishi. Tano zinazoongezeka zinatisha.

Mdau, Tukuyu:
Angalia maji kwanza! Mvua za huku mnazijua. Sikuwa na gata, matone ya bati yakachimba udongo mpaka mawe ya msingi yakaonekana. Nilifunga gata na kujenga mfereji, nikasubiri masika mengine yapite, ndipo nikaziba ufa. Ukiziba mapema unauficha tu.

Mleta mada:
Asanteni sana ndugu zangu. Nimezunguka nje: ufa umetokea na huko, umekata tofali. Juu milimita nne, chini moja. Na kona hiyo ndiyo ya mteremkoni, tuliyojaza kifusi bila kushindilia. Kioo nimebandika jioni hii, lakini mhandisi namtafuta kesho asubuhi.