Ukuta wa bahari na zile nyumba za mwisho

Bamvu: Wakuu, habari. Kijiji kinaandaa maombi ya ukuta kama ule wa Barabara ya Barack Obama, Dar, mita 200 hivi. Wenye nyumba za mwisho wanagoma: eti ukuta ukiishia hapo, bahari itahamia kwao. Ni kweli? Na kwenye michoro tukague nini?

MsingiKwanza: Kweli kabisa. Wimbi likipiga ukuta wima halifi, hurudi na mchanga. Pale ukuta unapoishia panachimbika, maji yanazunguka nyuma. Ncha zote mbili zikunjwe kuelekea nchi kavu, zimalizie kwa mawe yaliyopangwa kwa mteremko.

Kwenye michoro anza na msingi. Kuta nyingi huanguka kwa kuchimbwa chini. Msingi ushuke kupita kina ambacho mchanga huondoka msimu mbaya wa hapo, kusi au kaskazi, siyo usawa wa siku waliyokuja wapimaji. Mbele yake mawe makubwa, tabaka mbili. Nyuma kitambaa cha chujio (kinapitisha maji, kinazuia mchanga), kokoto, ndipo kifusi, na matundu ya kutolea maji. Wakati wa bamvu (siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo), maji kujaa na kupwa hutofautiana zaidi ya mita 3. Bahari ikipwa huku kifusi kimelowa, ukuta unasukumwa toka nyuma. Kitambaa kikirukwa (ndicho hurukwa, maana hakionekani), mchanga huvuja kidogo kidogo, utaona vishimo juu ya njia ya watembea kwa miguu.

Mlilana: Mimi ningeuliza kwanza mchanga unapotelea wapi. Kunduchi, uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayolisha ufukwe ulichangia mmomonyoko. Hapo ukuta utaokoa nyumba, ufukwe hapana. Pia Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Wasiojenga bado wazuiwe sasa.

Bamvu: Na mikoko badala ya ukuta?

Mlilana: Penye tope na maji tulivu, sawa: aina iitwayo mlilana mbele, upande wa bahari, na aina iitwayo mkoko nyuma yake. Kwenye mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi, miche itang'olewa yote.

MsingiKwanza: Ambatanisheni vipimo. Chomekeni nondo kila mita 50, mpaka kupita nyumba za mwisho. Kila bamvu, maji yakipwa, andikeni sentimita zilizobaki juu ya mchanga. Mwaka mzima, kusi na kaskazi zote. Mhandisi atakayekuja ataanzia hapo.