Mashine ya boti inalia "tiki" bila kuwaka

Swali: Ndugu zangu, mashine yangu kuukuu ya nguvu za farasi 40, ninayovulia huku Mafia, hutoa mlio mmoja wa "tiki" ninapogeuza ufunguo, ilhali betri inapima volti 12.6. Je, stata (mota ya kuwashia injini) imekufa?

Jibu: Usinunue stata bado. Pima betri huku ufunguo umegeuzwa: volti zikishuka chini ya 9.6, ishuku betri kwanza. Zisiposhuka, kagua nyaya, hasa ule wa hasi unaofungwa kwenye injini, kwani chumvi huila shaba ndani ya ganda usiione.

Jibu: Mlio huo kwa kawaida huonyesha kwamba swichi ya gia huru (inayozuia mashine kuwashwa ikiwa kwenye gia) ni nzima. Solenoidi (swichi inayopeleka umeme wa betri kwenye stata) nayo ipimwe.

Muulizaji: Waya wa hasi ulikuwa umeoza; nimeubadilisha, mashine imewaka. Ahsanteni.