Bunduki ya zamani ya marisaa: ni katriji gani isiyo ya madini ya risasi itakayofaa?

Mjanaheri77
Asalaam alaykum wadau. Naomba ushauri, na wa haraka. Mwenye mzaha aupeleke uzi mwingine.

Kuna jamaa yangu huku kaskazini ya Malindi, ukishavuka daraja la Sabaki. Ana bunduki ya marisaa ya Kiingereza, mitutu miwili sambamba, ya zamani. Anataka kuitumia lakini hataki katriji za madini ya risasi, kwa kuwa ana kuku wengi uani, nanyi mwajua kuku huparua na kumeza kila kijiwe. Amesikia kuna marisaa ya chuma, kuna ya bismathi, kuna ya tangsteni. Ipi haitaiharibu bunduki? Jibu fupi lanitosha, sitaki hotuba.

BintiShela
Jibu fupi kwa bunduki ambayo hata umri wake hatuujui? Haya. Anapiga nini huyo jamaa?

Mjanaheri77
Ndege tu. Turudi kwenye katriji.

Msambaa_Porini
Mkuu, mimi niko Tanga, huku tunawinda kwa leseni, kwa hiyo nikupe ya vitendo. Marisaa ya chuma, chunga meno! Tulipata kanga upande wa Handeni, shemeji akamtia nazi, mimi nikauma paja kwa pupa, kaa! Jino la mbele likakatika. Punje ya madini ya risasi ukiiuma inabonyea, ya chuma haina habari na wewe. Daktari wa meno akaniuliza kama nyumbani tunakula changarawe. Siku hizi nachambua nyama kwa vidole kwanza, watoto wananicheka. Lakini kwa utamu kanga wa porini hana mpinzani. Unamchemsha kwanza na tangawizi, halafu

BintiShela
Usitupikie, kaka. Uzi wa bunduki huu.

FundiKasiba
Nimestaafu, lakini silaha ndiyo iliyokuwa kazi yangu, basi nivumilieni maneno mengi.

Chuma ndicho cha bei nafuu, na ndicho kigumu. Mitutu mingi ya zamani ina ukuta mwembamba na choki kali, yaani ule mbano wa mdomoni. Punje laini zikifika pale hubanana zikapita. Za chuma hazikubali kubanana, mtutu ndio unaokubali, na baada ya muda ukipitisha kidole utaikuta pete imevimba karibu na mdomo. Kwa hiyo chuma hakipigwi kwenye choki inayozidi nusu, na punje zake hubebwa ndani ya kikombe kinene cha plastiki zisikwangue ukuta. Halafu ni nyepesi. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ni gramu 7.8, bismathi 9.6, madini ya risasi 11.3. Punje nyepesi hupoteza nguvu mapema, ndiyo sababu aliyezoea punje za namba 6 huambiwa achukue namba 4, ambazo ni kubwa zaidi, akihamia chuma.

Bismathi ni laini, inakaribia sana tabia ya madini ya risasi, na ndiyo wenye bunduki za zamani wanayoikimbilia. Tangsteni ziko za aina nyingi. Ile iliyochanganywa na plastiki ni laini na nzito, lakini ziko nyingine ngumu kushinda hata chuma. Bei ya zote mbili itakuua kabla ya hiyo bunduki.

Sasa, haya yote ni kwa bunduki iliyopimwa kwa baruti ya kisasa. Jamaa yako aitoe mitutu, aigeuze, asome mihuri kwenye ile sehemu bapa ya chini. Kuna neno NITRO, yaani alama ya kipimo hicho? Chemba, yaani pale katriji inapokaa, ina urefu gani? Na mtutu ni mweusi mtupu au una michoro?

Mjanaheri77
Chemba ni inchi mbili na nusu. Hayo mengine si muhimu, bunduki ni nzima na hutiwa mafuta kila mwezi. Nimeshamtumia nusu ya pesa mtu wa Mombasa, ana katriji za chuma za inchi mbili na robo tatu. Aliniletea moja ya mfano, ikaingia vizuri tu.

KaaChonjo
"Nimeshamtumia." "Aliniletea." Jamaa yako hatunaye tena, Mungu amrehemu 😂

FundiKasiba
Inaingia kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Ukifyatua mdomo hukunjuka, na hapo ganda limekuwa refu kuliko chemba, linaziba njia palepale marisaa yanapotaka kupita. Shinikizo linapanda. Katriji ndefu kwenye chemba fupi haiwekwi, hata ikiingia. Na bado hujanijibu mawili.

Mjanaheri77
Haya, ni mimi. Kwani tofauti iko wapi? Swali ni lilelile.

BintiShela
Basi na langu ni lilelile. Ndege gani?

Mjanaheri77
Kunguru! Hawa weusi wenye shingo ya kijivu. Mwakaa mjini mnawaona jalalani mnadhani ni wale wale. Njooni uani kwangu saa kumi na mbili asubuhi. Mmoja hutua mbele ya mama kuku, anarukaruka tu, hafanyi kitu. Mama kuku akimwendea kwa hasira, mwenziwe anashuka kutoka kwenye mwembe nyuma yake na kuondoka na kifaranga. Nimefunga nyavu, wameng'amua mlango. Nimetundika kunguru wa plastiki, wamemnyea. Sasa niambieni mimi nifanye nini.

UstadhWaMambrui
Kunguru yumo katika wale watano ambao hadithi imeruhusu wauawe hata ndani ya Haram, pamoja na mwewe, nge, panya na mbwa mwenye kuuma. Kwa hilo huna dhambi. Lakini jirani wa upande wa pili wa ua hayumo katika hao watano, na marisaa yakipanda juu lazima yashuke.

Mtoto_wa_Malindi_UK
Huku England ninakoishi suala hili lina historia ndefu. Bata wa majini humeza punje wakidhani ni changarawe ya firigisi, firigisi inazisaga, sumu inaingia damuni. Marekani walikataza madini ya risasi kwa ndege wa majini nchi nzima 1991, Denmark ikafuata kwa uwindaji wote 1996, hapa England kwa bata ni tangu 1999, na Umoja wa Ulaya kwenye ardhi oevu tangu Februari 2023. Wazee wenye bunduki za babu zao walilia kweli, na waliobaki nazo wengi ni bismathi. Nilifanya kibarua cha kuwafurusha ndege porini ili matajiri wawapige. Mvua, baridi, matope hadi magotini, na mtu aliyevaa soksi za elfu ngapi sijui anakuita "my good man". Siku nyingine nitawasimulia vizuri.

BintiShela
Kuhusu kuku amefikiri vizuri, hapo nampa haki yake. Firigisi ni firigisi, ya bata au ya kuku. Na yai anakula mtoto. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa walitiwa sumu ya madini haya na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Wapo waliofiwa na watoto kabla ya hukumu hiyo. Kwa mtoto hakuna kiwango kidogo cha kusema hiki hakidhuru.

Ila ndugu, kufyatua bunduki katikati ya nyumba za watu kwa ajili ya vifaranga? Huo mtego wa kizimba umeujaribu? Wavu wa chuma, tundu la juu, ndani nyama na kunguru mmoja hai awaite wenzake.

Mjanaheri77
Mtego ni kazi ya mtu asiye na bunduki.

FundiKasiba
Michoro. Iko au haiko?

Mjanaheri77
Iko. Mistari ya hudhurungi na fedha, imejizungusha mtutu mzima. Ni nzuri mno, wallahi, mtu angeitundika ukutani. Chini imeandikwa NOT FOR BALL. NITRO sijaiona. Umeridhika?

FundiKasiba
Sijaridhika, nimeogopa. NOT FOR BALL, yaani isipigwe risasi moja nzima, ni muhuri wa Waingereza wa kati ya 1875 na 1887, ulipigwa kwenye mitutu yenye choki. Kwa hiyo una choki, ya enzi za baruti nyeusi, ile ya kabla ya hii ya kisasa, kwenye mtutu wa Damaski.

Mtutu wa Damaski hautobolewi kwenye nondo moja. Ni kanda za chuma laini na chuma kigumu zilizosokotwa, zikazungushwa na kufuliwa kwa moto zikashikana, kama ukili unavyoshonwa kuwa mkeka. Michoro unayoisifu ndiyo mishono yenyewe. Kutu ikiingia ndani ya mshono huioni kwa nje, na wewe unakaa na upepo wa chumvi mwaka mzima. Ukiweka baruti ya kisasa, ukaongeza katriji ndefu, ukaongeza punje za chuma, mtutu hupasuka pale mkono wa kushoto unapoushika.

Bismathi pia haikuokoi. Nilisema inafaa bunduki za zamani, lakini zilizopimwa kwa baruti ya kisasa. Yako haikupimwa.

Mjanaheri77
Marehemu babu aliipiga miaka yote, tena kwa katriji za dukani, na alizikwa na vidole vyake kumi. Aliachiwa na mzungu wa shamba la katani kule Kilifi. Wazungu hawakuwa wajinga.

BintiShela
Marehemu? Na cheti?

BintiShela
@Mjanaheri77 nakuona uko hewani.

Mjanaheri77
Cheti kilikuwa cha babu. Bunduki iko ndani ya nyumba ileile, kwenye sanduku lilelile. Sijaiiba.

KaaChonjo
Ngojeni kwanza. Jamaa, kisha mimi. Ndege, kisha kunguru. Bunduki, kisha bunduki ya miaka mia moja na arubaini ya mzungu wa katani, na picha hata moja hatujaona. Huyu amejiunga mwezi huu na huu ndio uzi wake wa pekee. Mwaona nini hapo? Huyu ni askari, anangoja mmoja wetu aseme "hata mimi ninayo ya babu". Ama ni mtunzi anakusanya mazungumzo.

Msambaa_Porini
Aisee. Mimi leseni ninayo, lakini ile ya jino naomba isinukuliwe popote.

Mtoto_wa_Malindi_UK
Askari gani anajua kunguru humzuga mama kuku kwa mbele? Hilo mtu hulijua kwa kufuga.

KaaChonjo
Askari hafugi kuku?

FundiKasiba
Mimi ule muhuri ndio ulioniaminisha. Hata hivyo awe mkweli, awe mwongo, jibu halibadiliki, na wako wanaosoma kimya wenye kitu kama hicho juu ya kabati. Cheti cha silaha ni cha mtu, hakirithiwi pamoja na mwembe. Akifa, silaha inapelekwa polisi, kisha anayeitaka aiombe kwa jina lake kwenye Bodi ya Leseni za Silaha. Na usiibebe begani ukapita nayo sokoni. Nenda kwanza mikono mitupu na chifu au mzee wa mtaa, waambieni, waje wenyewe waichukue.

Mjanaheri77
Picha siweki, kwa sababu mtaniambia tena ni ya intaneti. Na mimi si askari, askari hana shida ya vifaranga. Hiyo habari ya chifu nitaiangalia, ni mtoto wa shangazi. Lakini pesa ya yule wa Mombasa je? Nimdai vipi?

BintiShela
Mtu anayekuuzia katriji bila kukuuliza cheti, unataka kumdai kwa risiti ipi?

UstadhWaMambrui
Ihesabu sadaka.

Msambaa_Porini
Kwani hao kuku ni wa mayai au wa nyama?

Mjanaheri77
Wa kienyeji. Fundi, la mwisho. Mtutu wa kulia ndio wenye choki kali, nimepima kwa sarafu. Nikipiga wa kushoto peke yake, kwa zile fupi za bismathi?

FundiKasiba
Hapana. Wala huo.