Naomba ushauri: kulala hemani Manda na maltipo sklerosisi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, nina maltipo sklerosisi, yale maradhi ya kinga ya mwili kushambulia utando wa neva. Binamu zangu wamepanga tukalale mahemani kisiwani Manda, upande wa Takwa, msimu huu huu wa joto la kaskazi. Nataka kwenda, msinikataze.

Shida ni joto. Nikipata moto kidogo tu jicho la kushoto linaingia ukungu na miguu inakuwa mizito. Nikipoa hurudi sawa, na daktari alisema joto lenyewe haliongezi ugonjwa, lakini kuanguka mchangani mbele ya mashemeji, hapana. Leso mbichi shingoni husaidia. Bila feni nifanyeje mchana kutwa?

Halafu sindano zangu za dawa zataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na zisigande. Nikizifunga taulo ndani ya sanduku la barafu la wavuvi, zitasalimika? Usiku nao mkojo hunibana ghafla, na kiza kile, na kamba za hema! Tena mashua haipiti mikokoni mpaka maji yajae, kwa hiyo nikizidiwa usiku hakuna kutoka upesi.

Aliyewahi kulala nje na maradhi haya, au anayemuuguza mtu, anijibu tafadhali. Tunaondoka Ijumaa.