Naomba ushauri: ukuta unalowa kwenye nyumba ya enzi za Malkia Victoria

Ndugu zangu, habari zenu. Mimi na mke wangu tumenunua nyumba ya matofali hapa Birmingham, Uingereza, iliyojengwa 1889. Tunaipenda mno: dari ndefu zenye nakshi za plasta, madirisha ya kupandisha na kushusha kwa kamba, na vyuma vya uzito vimefichwa ndani ya fremu.

Shida ni ukuta wa sebule. Unalowa chini, rangi inabanduka. Kuta hizi zina unene wa kama sentimita 23, hazina uwazi katikati, na zilijengwa kwa chokaa ili unyevu utoke wenyewe. Aliyetuuzia alipiga plasta ya saruji juu yake. Fundi mmoja anataka kudunga dawa ya kuzuia maji; mwingine anasema tubandue saruji, turudishe chokaa, tuzibue matundu ya hewa chini ya sakafu ya mbao. Nimekulia Mji Mkongwe, Zanzibar, kwenye kuta za mawe na chokaa, kwa hiyo moyo wangu uko kwa huyu wa pili.

Aliyepitia haya anisaidie: plasta ya chokaa mliiacha ikauke muda gani, na mlipaka rangi gani? Baridi inakaribia na mtoto anakohoa.