Kukaa zazeni kivyangu au kufuata taratibu zote za kikundi? Naombeni mawazo wakuu

Nesi_wa_Mlimani (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo hasa kwa waliowahi kupita kwenye meditesheni au Ubudha, maana hapa Mwanza ukimuuliza mtu haya mambo anakuangalia kama umejiunga na frimasoni.

Mi ni nesi, naishi Kirumba huku juu kwenye mawe. Zen, lile tawi la Ubudha linalokazia kukaa kimya, na kukaa kwenyewe ndo zazeni, niliijulia kwenye karate, sensei (mwalimu) alikuwa anatupigisha magoti kabla na baada ya mazoezi, kimya, macho yamefungwa, ile mokuso, wenzangu walikuwa wanaona kama adhabu mi ndo nikapenda kuliko hata mateke. Karate nikaacha nilipoanza kazi ila kukaa sikuacha. Nahesabu pumzi moja mpaka kumi narudi tena moja, basi. Nyuma ya nyumba kuna jiwe tambarare, nikitoka naiti napanda pale nakaa mpaka jua linachoma.

Mwaka jana nikajiunga na kikundi kimoja cha Soto, moja ya madhehebu ya Zen, cha huko Ulaya, wanakaa pamoja kwa Zoom. Ni watu wazuri sikatai. Shida ni taratibu. Macho yawe nusu wazi, uelekee ukutani, kuhesabu pumzi acha sasa, kaa tu, shikantaza. Unainama kabla ya kukaa, unainama baada ya kukaa, unauinamia mpaka mto wenyewe unaoukalia! Sutra ya Moyo, andiko la Kibudha, inaimbwa kwa matamshi ya Kijapani sielewi hata neno. Na sasa mwalimu kasema nikitaka jukai, yaani kupokea yale maagizo 16 rasmi, nishone rakusu, kile kitambaa cha kuvaa shingoni, kwa mkono na nihudhurie vipindi vya asubuhi bila kukosa. Asubuhi yao kwetu ni saa mbili na nusu, wakibadilisha saa zao za kiangazi inakuwa saa moja na nusu, muda huo mi napokea wodi. Kikao kirefu ni Jumamosi, kinagongana na jumuiya ya kanisani, na mama yangu kwenye suala la jumuiya hana utani.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba nikiwa peke yangu kwenye jiwe natulia kabisa, nikikaa na wao muda wote nawaza nimeinama vizuri au vibaya. Sasa niendelee kivyangu, nikubali yote, au kuna katikati? Na je ni vibaya nikizima kamera nikafanya ya kwangu wakati wao wanafanya yao?

Ngosha_wa_Magu

Mwadila dada. Mi nakushauri achana nao. Jiwe unalo, ziwa unalo, pumzi ni ya kwako, hao wa Ulaya wanakuongezea nini zaidi ya kukumalizia bando. Huineng, yule babu wa sita wa Zen kule China, alikuwa muuza kuni hajui kusoma, akasikia mtu anasoma Sutra ya Almasi akafunguka hapo hapo. Hakuwa na kikundi, hakuwa na Zoom, hakushona kitambaa.

Halafu hivi vikundi vya Zen vina mambo yake ya chini chini. San Francisco Zen Center ni kubwa na ina jina lakini mwaka 1983 iliyumba sana kwa sababu ya mwenendo wa mkuu wao wa wakati huo, watu waliokuwa wamemwamini miaka na miaka wakabaki wanashangaa. Mtu akikuambia lazima uje kila asubuhi, jiulize lazima ya nani.

Mzee_wa_Nyegezi

Ngosha hadithi umeisimulia mpaka katikati ukashukia njiani. Huyo muuza kuni baada ya kusikia ile sutra alifanya nini? Aliaga kwao akatembea mpaka kwenye monasteri ya Hongren, mwalimu wake, na alipofika hakupelekwa ukumbini, alipelekwa nyuma kutwanga mpunga, miezi zaidi ya nane. Kwa hiyo usimtumie kama mtu aliyefanya kivyake.

Sasa binti. Mimi nilianza na karate kama wewe, baadae nikakaa na watu wa Zen nilipokuwa nje kimasomo, na kwa miaka mingi sasa nakaa peke yangu hapa Nyegezi. Nimeishi pande zote mbili. Swali lako la mwisho ndo nalijibu kwanza kwa sababu ndo lenye uzito: usizime kamera ukafanya yako. Sio kwamba ni dhambi, ila utakuwa unapata hasara mara mbili, hufanyi ya kwao na ya kwako unaifanya kwa kuibia. Siku unakaa nao, fanya ya kwao yote, macho wazi, ukuta, kuinama, kuimba. Siku uko peke yako hesabu pumzi zako. Usichanganye ndani ya kikao kimoja, hapo ndo mtu anakaa miaka hajui anafanya nini. Kuhesabu pumzi sio haramu huko Soto, wanaoanza wengi wanaanzia hapo hapo, kwa hiyo mwalimu wako akisema acha ana sababu na wewe una haki ya kuiuliza. Kuna dokusani, yale mazungumzo ya watu wawili na mwalimu, umewahi kuomba? Kwenye bandiko lako lote sijaona pahala umemwambia yeye haya unayotuambia sisi.

Kuhusu kutulia kwenye jiwe. Nafurahi unatulia. Ila wewe ni nesi, kabla ya kumgusa mgonjwa unanawa mikono kwa hatua zile zile, hujiulizi leo najisikia kunawa au vipi, na ungekuwa unanawa siku unayojisikia tu tungekuwa tumeshazika wengi. Dogen aliyepeleka Soto Japani, aliyeanzisha monasteri ya Eiheiji mwaka 1244, aliandika mpaka namna ya kunawa uso na namna ya kwenda chooni. Hakuwa na uhaba wa mambo ya kuandika. Alitaka pasibaki sehemu ya siku ambayo mtu anajichagulia mwenyewe kwamba hapa nafanya mazoezi na hapa hapana.

Nesi_wa_Mlimani

Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa ila naomba nibishe kidogo. Kunawa mikono sababu yake inajulikana, vijidudu, unaweza ukavipima maabara. Kuinamia mto kunaua kijidudu gani? Na dokusani sijawahi kuomba kweli, naona aibu, yule mwalimu ni mtu mkubwa na mi naonekana kwenye kimraba kidogo cha simu mtandao unakatakata.

Mzee_wa_Nyegezi

Marahaba. Bisha tu, Zen bila kubisha ni kwaya.

Kinachouawa hapo ni ule mchezo wa kichwa kusema hii naipenda hii siipendi. Umeandika mwenyewe kwamba ukikaa nao unawaza umeinama vizuri au vibaya. Ukiwa kwenye jiwe hilo wazo halipo, sawa, lakini halijafa, limekosa tu mtu wa kulichokoza. Shunryu Suzuki alifika San Francisco mwaka 1959, akakuta Wamarekani hawataki kabisa kuinama, na inasimuliwa kwamba badala ya kupunguza aliongeza, kwao Japani mara tatu, yeye akawainamisha mara tisa. Mzee mkorofi yule.

Ila nikubaliane na wewe kwamba sio kila utaratibu una siri ndani yake. Soto wanaangalia ukuta, Rinzai, dhehebu lingine la Zen, wanaangalia katikati ya chumba, na wote wamekaa karne na karne. Kingekuwa ukuta ndo wenye dawa basi Rinzai wangekuwa wamekwisha. Mengine ni desturi ya nyumba tu, unaifuata kwa sababu umeingia nyumba ya watu, ukitoka unavaa viatu vyako.

Mwanajumuiya

Dada pole na hongera. Mi ni Mkatoliki kama mama yako na niseme wazi hapo kwenye jumuiya usikosee hesabu. Jumuiya sio sala tu, ndo watu watakaokuja ukifiwa, ukiuguliwa, hao wa Zoom hawatakuja kukuchotea maji. Usimuuzi mama kwa ajili ya kikao cha Jumamosi, omba hao wenzako wakupangie siku nyingine.

Na kama nyumbani wanaogopa kwamba unaabudu sanamu waambie habari za padri Hugo Enomiya-Lassalle, Mjesuiti Mjerumani, alikuwa Hiroshima siku bomu linaanguka mwaka 1945 akapona, akafunzwa Zen na walimu wa Kijapani mpaka akawa anafundisha mwenyewe, na alikufa padri mwaka 1990. Hakuhama dini. Sijasema mama ataridhika, mama yangu hakuridhika, ila angalau aliacha kuninyunyizia maji ya baraka nikiwa nimelala.

Na huyo Huineng mnayegombania hapo juu, mbona mmeacha kipande kitamu. Alipopewa joho la urithi na mwalimu wake ilibidi akimbie maana kuna waliolitaka, akajificha na wawindaji miaka mingi, inasemwa 15. Wao wanapika nyama, yeye anachemsha mboga zake kwenye chungu hicho hicho, anakula mboga anaacha nyama. Hakuwahubiria, hakudai chungu chake. Mi jumuiya nakwenda hivyo hivyo.

Ngosha_wa_Magu

Haya mzee nimekubali huyo babu mmeniporomoshea wote, lakini hoja yangu haijajibiwa. Mwalimu yuko Ulaya, hajui naiti ni nini, hajui foleni ya daladala Kirumba asubuhi, hajawahi kuona dada anaishije, anampangia saa mbili na nusu kama vile wote tuna mshahara wa kukaa nyumbani. Hiyo mafunzo ni ya watu wenye nafasi. Dada mchango kwa mwezi ni bei gani? Usione aibu sema.

Nesi_wa_Mlimani

Mchango ni hiari, mi sijawahi kuombwa. Ila kuhusu ratiba umesema kweli kabisa.

Mutukula_Express

Natoa mchango kama dereva wa masafa. Kikundi cha kukaa nao ana kwa ana kipo kwenye ziwa hili hili, upande wa pili. Kule Garuga njia ya Entebbe kuna Uganda Buddhist Centre, ilianzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda mwenyewe, Bhante Buddharakkhita. Nimeshalala pale. Sio Zen, ni Theravada, tawi lingine la Ubudha, watawa wana taratibu zao za kula na sala ni za Kipali, lugha ya maandiko yao, kwa hiyo usiende ukawafundisha shikantaza. Kwa Tanzania lipo hekalu la Dar, Upanga, la asili ya Sri Lanka, nalo Theravada. Ila kitu nilichokiona Entebbe ambacho kwenye simu hukipati ni kwamba unakaa na mtu anakohoa pembeni yako, mbu yupo, kengele inalia hujamaliza usingizi, na huwezi kubonyeza kitu ukatoka. Kwa likizo yako ya mwaka nenda siku chache ukaone mwili unasemaje, halafu ndo uamue kuhusu hao wa Zoom. Basi za kupitia Bukoba zipo, jiandae kwa mgongo tu.

Mzee_wa_Nyegezi

Mutukula umesema neno. Na Ngosha hoja yako naijibu sasa: ni kweli mwalimu hajui zamu, ndo maana nasema aambiwe. Dogen mwenyewe mwaka 1223 amefika China yuko bado kwenye meli, akaja mpishi mzee wa monasteri kununua uyoga wa Wajapani. Dogen kijana akamwambia kaa tuongee, akakataa, lazima nirudi nikapike. Dogen akamshangaa, mtu wa umri wako kwa nini unahangaika na jiko badala ya kukaa zazeni na kusoma? Mpishi akacheka sana, akamwambia kijana kutoka nje bado hujaelewa mafunzo ni nini. Ile kitu ilimkaa Dogen mpaka mwaka 1237 akawaandikia wapishi wa monasteri maelekezo yao. Kwa hiyo binti ukimwambia mwalimu wako muda huo napokea wodi, humletei udhuru, unamletea habari ya mafunzo yako. Akikujibu kwamba wodi haihesabiki, hapo na mimi nahamia kwa Ngosha.

Nesi_wa_Mlimani

Asanteni sana wakuu. Nimeshamwandikia mwalimu naomba dokusani, nimemweleza zamu zote na ya Jumamosi na kwamba nahesabu pumzi bado, nimetuma kabla sijabadili mawazo. Siku za ofu nitakaa nao kamili na kuinama nitainama. Kamera nitawasha. Jukai nimeiweka pembeni kwa sasa ila rakusu nitaanza kushona taratibu, wodini usiku ukitulia mikono inakaa bure tu. Mama sijamwambia.

Jiwe siachi lakini mzee, usinilazimishe.

Jambo la mwisho, mto wangu wa kukalia nilishonesha hapa mtaani nikajaza pamba, tuko Usukumani pamba si ipo, lakini umeshalala umekuwa kama chapati, magoti yanabaki hewani. Mnajaza nini nyie?

Mutukula_Express

Pamba hapana. Tafuta sufi, ile ya kwenye mito na magodoro ya zamani, hata huko kwao zafu, yaani mito ya kukalia, nyingi wanajaza sufi. Jaza mpaka uone imezidi kwa sababu wiki ya kwanza itashuka. Na mwambie fundi aache zipu pembeni uwe unaongeza, sio ashone moja kwa moja halafu kila mara unarudi kumlipa.

Ngosha_wa_Magu

Sufi ninayo gunia zima nyumbani kwa bibi Magu, nitakuletea nikija mjini, ila mto ukipona usiuiname mbele yangu.